Kelele si Nguvu: Tuchague Ekzosi kwa Akili

Bila shaka umewahi kuketi darasani, mwalimu amezama katika ngeli za nomino, mara barabarani ikapita matatu yenye mngurumo kama wa radi. Mwalimu hunyamaza, chaki mkononi. Wavulana wa kiti cha nyuma nao hunong'onezana, "Hiyo ndiyo gari bwana! Imetolewa sailensa." Mimi siwaungi mkono hata kidogo, na nitatoa sababu zangu.

Kwanza, tujue kazi ya ekzosi, yaani bomba la moshi. Injini ikichoma petroli hutoa gesi moto zenye kishindo. Gesi hizo hupita katika katalitiki, chombo chenye vijitundu vingi vilivyopakwa madini ghali kama platinamu, paladiamu na rodiamu, na humo sumu yake hupunguzwa. Kisha huingia kwenye sailensa, ambamo kishindo hutulizwa. Mwishowe moshi hutokea nyuma, mbali na abiria.

Wengi husema eti ukikata sailensa na kutia bomba pana, gari hupata nguvu. Gari la mashindano hutengenezewa ekzosi ya namna yake, lakini injini nzima huwa imerekebishwa ilingane nayo. Gari la kawaida likitiwa bomba pana kupita kiasi, mwendo wa gesi bombani hupungua, na gari huwa zito linapoondoka au kupanda mlima. Kinachoongezeka ni kelele tu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa debe tupu haliachi kuvuma.

Pili, kuna hatari ya mauti. Katika moshi wa gari mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haya si ya vitabuni tu. Fundi mmoja alimkatia mjomba wangu bomba likaishia chini ya kiti cha nyuma. Tukasafiri kwenda Nakuru, na kwa sababu ya baridi ya Limuru tukafunga madirisha yote. Kabla ya kufika Naivasha, binamu zangu wawili walilalamikia kichwa na kichefuchefu. Tukasingizia mandazi! Tuliposimama na kushuka, wakapata nafuu. Fundi mwingine ndiye aliyetuonyesha moshi ulikokuwa ukipenya. Je, tungesinzia sote?

Tatu, kuna sheria. Tangu mwaka 2009 Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Mwenye gari la kelele asijione shujaa.

Basi tufanyeje ekzosi ikioza? Ukienda Grogan, kule Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au kwa fundi wa jua kali mtaani kwenu, usikimbilie ya bei ya chini. Chagua bomba lenye upana sawa na lile la awali. Tazama unene wa bati na jinsi lilivyochomelewa. Kumbuka kwamba petroli ikiungua hutoa pia maji, hivyo bomba huoza kutoka ndani, hasa gari linalokwenda safari fupi fupi. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini hudumu. Hakikisha pia raba za kuning'iniza bomba ni nzima, na kwamba mdomo wake unatokea nyuma kabisa ya gari. Injini ikinguruma, sikiliza kila kiungo: kikitoa mlio wa "psss", kazi haijaisha, usilipe kwanza.

Na fundi akikuambia, "Hii katalitiki inaziba tu, tuitoe," muulize ataipeleka wapi. Madini yale yana wanunuzi wake!

Wenzangu, baadhi yetu kesho tutakuwa madereva, wengine mafundi, wengine wenye matatu. Gari zuri hujulikana kwa kufikisha watu salama, wala si kwa kuwashtua walio njiani. Asiyeamini na aje akae kiti cha nyuma cha lile gari la mjomba, kabla halijarekebishwa, madirisha yakiwa yamefungwa.