Saa ya Mirathi

Jamaa zetu wenye asili ya Omani huenda wakarithi Rolex yenye nembo ya jambia usoni, mfano wa zile alizotunuku Sultan Qaboos miaka ya 1970. Kabla ya kugawana, warithi watazame uso wake kwa kioo cha kukuzia. Herufi za asili huwa nyembamba, zenye kingo kali. Zilizorudiwa hutanuka na kuyumba. Ukingoni chini, tafuteni neno SWISS baina ya herufi mbili T: mpaka rangi mara nyingi huzisahau. Madoa ya uzee si aibu. Uso mpya ndani ya kasha lililochakaa ndio wa kutiliwa shaka. Nembo ikifutwa, thamani hushuka, na fungu la yatima pia. Basi fundi wa hapa Kenmore akitaka kuung'arisha, mwambieni asafishe mashine tu.