MOTOKAA NYUMBANI: Maji Yachemkapo Mlimani



Juma lililopita karani mwenzangu alinijia kwa huzuni, akaniuliza kama imempasa kuiuza motokaa yake, Peugeot 504 yenye milango minne, kwa kuwa huchemsha maji kila apandapo mlima wa kwenda Limuru. Motokaa hiyo ndiyo impelekayo mama yake hospitali. Nilimjibu, "Usiuze kwanza, ndugu yangu. Tafuta sababu."

Motokaa hizi si dhaifu. Zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 Bwana Ove Andersson alishinda kwa 504 mashindano ya Safari katika barabara zetu za matope. Lakini mtambo wake una jambo moja la kuangaliwa. Chini ni chuma. Juu, yaani silinda hedi, ni aluminiamu. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma ipatapo moto. Ukizidi, hedi hupindika, gasketi huungua, na maji huingia katika mafuta.

Mimi nalijifunza hayo kwa hasara. Yangu ilipoanza kuchemsha, fundi mmoja aliitoa thamostati, akasema ugonjwa umekwisha. Nikafurahi, kwa maana malipo yalikuwa madogo. Miezi miwili baadaye, tukipanda kutoka Naivasha, mvuke ulijaa mbele ya kioo. Nilipochomoa kijiti cha kupimia mafuta, niliona mafuta meupe kama chai ya maziwa. Fedha za karo ya muhula mzima zikaenda kwa hedi, na mama watoto hakusema neno kwa siku tatu. Thamostati haikuwa na kosa lo lote. Kazi yake ni kuuwezesha mtambo kupata joto upesi na kulidumisha. Ukiitoa, mtambo hukaa baridi, hunywa petroli nyingi, na ugonjwa wenyewe hubaki pale pale.

Basi, tafuta kwa utaratibu huu, ukianza na vitu vya bei ndogo.

Kwanza, kifuniko cha rejeta. Maji ya Mombasa huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi, kwa kuwa iko juu, huchemka kwa digrii zipatazo 94. Kifuniko kizima hubana maji yasichemke upesi. Mpira wake ukipasuka, sisi wa nyanda za juu ndio tuumiao zaidi.

Pili, feni. Katika 504 nyingi feni haivuti upepo wakati wote, bali hushikwa na sumaku ya umeme maji yapatapo moto. Kaboni ndogo ipelekayo umeme ikilika, au waya ukikatika, feni haishikwi. Barabarani penye tambarare upepo wa mwendo hutosha, lakini mlimani, kwa gea ya pili, hautoshi. Acha mtambo unguruma motokaa imesimama, utazame kama feni inashika maji yapatapo moto. Mikono na tai viwe mbali!

Tatu, mipira ya maji na rejeta yenyewe. Mpira uliolegea hubadilishwa; rejeta iliyoziba kwa kutu na matope husafishwa ndani na nje.

Nne, ikiwa maji hupungua bila kuvuja nje, au mapovu hutoka katika rejeta mtambo ungurumapo, huenda gasketi imekwisha ungua. Hapo usiendelee na safari. Hedi ikitolewa, ipimwe unyofu wake kabla ya kurudishwa, na nati zikazwe kwa kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Fundi akazaye kwa nguvu za mkono tu atakuonea.

Zaidi ya yote, usifungue kifuniko mtambo ukiwa moto, wala usimimine maji baridi. Simama, zima mtambo, ungoje hata upoe kabisa. Maji yarukayo huunguza uso.

Karani mwenzangu aliona kaboni imelika kabisa, naye akabadilisha ile tu. Kama ningeona sakafu imeliwa na kutu hata chini ya viti, ningemshauri vingine, kwa maana mtambo hutengenezeka, bali bodi iliyooza hula fedha bila kushiba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya breki.