Kompyuta Inayojizima: Kisa cha Uwanja wa Ndege wa Juba

UKURASA WA KOMPYUTA

Sisi walimu wa kujitolea wa darasa la kompyuta bado tupo, tunasukumana na joto na vumbi kama ninyi. Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuandika juu ya barua ya kuomba kazi. Lakini kuna jambo limetokea, tukaona barua ingoje kidogo.

Jioni moja tulikuwa tunafunga darasa, akaja mama mmoja na simu mkononi. Mwanawe alisoma hapa kwetu, akamaliza kidato cha nne, kisha akarudi Juba kutafuta maisha. Akapata kazi katika kiofisi kidogo cha mizigo karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba. Kazi yake ni kuingiza kwenye kompyuta orodha ya mizigo: nani ametuma, kilo ngapi, inaenda wapi. Kila mwezi anamtumia mama yake kitu kidogo, na hicho kidogo ndicho kinanunua sabuni na daftari za wadogo zake.

"Mwalimu," mama akasema, "mtoto wangu ana shida. Wanasema ameharibu kompyuta. Wanataka kumkata mshahara wa miezi mitatu."

Tukaongea naye. Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Mwalimu, inazima tu. Ninaandika, mara pap! Giza. Orodha yote inapotea. Mkubwa anasema ni virusi, ati nimeleta na flashi yangu ya nyimbo. Fundi alikuja, akaangalia dakika tano, akasema madabodi imekufa, inunuliwe nyingine. Na pesa ni zangu."

Tukamwambia: bwana mdogo, usinunue kitu. Usikubali kosa, na usibishane na mkubwa wako. Omba wiki moja tu. Tutaiuliza kompyuta yenyewe.

INAZIMA NAMNA GANI?

Hili ndilo swali la kwanza, na watu wengi wanaliruka. Kompyuta ya mezani ina namna tatu za kukuacha. Ya kwanza, inajifunga kwa utaratibu: unaona Windows inaaga, programu zinafungwa, halafu inazima. Hapo kuna programu au mtu aliyeiamuru. Ya pili, inaonyesha skrini ya bluu yenye maandishi, kisha inawaka upya. Hapo mara nyingi ni kumbukumbu, yaani RAM, au programu inayoendesha kifaa fulani. Ya tatu, inakatika ghafla kama mtu amechomoa waya. Hapo angalia umeme au joto kwanza.

Ya kijana wetu ilikuwa ya tatu. Tukamwelekeza afungue Event Viewer, ile programu ya Windows inayoandika matukio yote. Akakuta namba 41 imejipanga mistari na mistari. Namba 41 haisemi sababu. Inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri. Kama programu ingekuwa imeiamuru kuzima, kwa kawaida angeona namba 1074 pamoja na jina la programu hiyo. Hakuiona hata mara moja. Hapo tulianza kuwa na mashaka na hiyo hadithi ya virusi.

DAFTARI KABLA YA BISIBISI

Tukamwambia anunue daftari dogo. Kila ikizima, aandike mambo manne: saa ngapi, ilikuwa imewaka muda gani, yeye alikuwa anafanya nini, na vitu vingine vya ofisini vilikuwaje. Siku tatu, bila kugusa kitu kingine.

Umeme ulikuwa mshukiwa wa kwanza, na ilikuwa haki. Juba ilikaa miaka mingi ikitegemea jenereta, hata baada ya uhuru wa 2011. Mwaka 2019 ndipo kituo kipya cha kuzalisha umeme cha megawati 33 kilipozinduliwa, na hata hivyo ofisi nyingi bado zina jenereta zao nje. Jenereta ikielemewa, tuseme friji au mashine ya hewa baridi imewaka pamoja na vitu vingine, umeme unashuka kidogo. Taa inafifia tu, lakini kompyuta haivumilii, inakatika.

Jioni ya siku ya tatu akatupigia na daftari lake. Sikilizeni lilivyosema. Asubuhi mpaka saa nne kompyuta inafanya kazi vizuri. Kuanzia saa tano inazima. Ukiiwasha hapo hapo, inakaa dakika tatu au nne tu. Ukiiacha ipumzike saa nzima ya chakula, inakaa dakika arobaini. Na kompyuta ya mwenzake, iliyo kwenye UPS hiyo hiyo, haijawahi kuzima hata siku moja.

Wazazi mtaelewa. Mtoto akiwa na homa inayopanda mchana na kushuka usiku, hamuulizi tu ana homa, mnauliza inapanda saa ngapi. Kama jenereta au UPS ndiyo mbaya, kompyuta zote mbili zingezima pamoja. Ili tuwe na hakika, tukamwambia abadilishane waya wa umeme na mwenzake. Akabadilisha. Ikazima ile ile. Basi waya hauna kosa.

KIPIMO CHA JOTO BILA KUNUNUA KITU

Kuna ukurasa ndani ya kompyuta unaoitwa BIOS. Unaingia humo kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu unapowasha, kabla Windows haijaja. Katika kompyuta nyingi za mezani, humo kunaonyeshwa joto la prosesa. Tukamwambia aingie saa sita mchana, aiache hapo, na aandike namba kila baada ya dakika mbili. Akaandika 61, 70, 79, 88, 95. Halafu giza.

Hapo alipiga kelele kwenye simu: "Mwalimu, Windows haikuwa hata imewaka!" Kweli kabisa. Virusi anavyoshtakiwa navyo hukaa kwenye diski, vinasubiri Windows iamke ndipo vifanye kazi. Kama kompyuta inazima kabla Windows haijaamka, flashi ya nyimbo inashtakiwa bure.

Prosesa nyingi zikikaribia digrii 100 zinajikata zenyewe zisiungue. Kwa hiyo kuzima kule hakukuwa ugonjwa. Kompyuta ilikuwa inajiokoa. Na joto la Juba mnalijua nyinyi mliotoka huko. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika digrii 45. Februari 2025 zilifungwa tena, wanafunzi wakiwa wamezimia kwa joto mjini Juba. Sasa, watu wengi wanadhani feni ya ndani inaleta baridi. Hapana. Feni inahamisha joto tu, inachukua hewa ya chumbani na kuipitisha juu ya chuma kilichokaa kwenye prosesa. Hewa ya chumbani ikiwa digrii 40, hiyo ndiyo hewa iliyo nayo.

Tukamwambia afungue ubavu wa lile sanduku ambalo wengi wetu tunaliita CPU. Kwanza achomoe waya ukutani, abonyeze kitufe cha kuwasha sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na ashike chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu cha ndani. Akakuta vumbi limelala katikati ya zile pezi za chuma kama blanketi. Akalisugua taratibu kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, huku ameishika feni kwa kidole isizunguke ovyo.

HAPO TUKAKWAMA

Kesho yake kompyuta ilipita saa tano. Ikapita saa sita, saa saba. Sisi huku tulishaanza kufurahi. Saa nane na robo, pap! Mkubwa wake akacheka. Kijana akatupigia akasema, "Mwalimu, basi. Nitalipa."

Tunakiri hapa mbele yenu kwamba usiku ule hatukuwa na jibu. Tulirudia daftari lake mstari kwa mstari. Ndipo mmoja wetu akauliza: hivi hilo sanduku linakaa wapi? Kwa siku zote hizo hatukuwa tumeuliza, na yeye hakuwa ameona sababu ya kusema.

Linakaa ndani ya kabati la mbao chini ya meza, limefungwa kwa kufuli kwa ajili ya wezi. Tundu ni moja tu, la kupitisha nyaya. Alipokuwa akiingiza namba za BIOS na kusafisha, alilirudisha humo humo na kufunga, kama alivyoagizwa. Tukamuuliza kabati lilitengenezwa lini. Akanyamaza kidogo. Lilitengenezwa mwezi ule ule alioanza kazi.

Mmeona? Mgeni ameingia, kompyuta imeanza kuzima, basi mgeni ndiye. Lakini siku hizo hizo liliingia kabati pia, na kabati hakuna aliyeliuliza. Feni ilikuwa inavuta hewa moto na kuitema mle mle, halafu inaivuta tena.

Hatukumwambia akaseme kwa mkubwa kwamba kabati ndilo kosa. Tulimwambia apime. Siku ya kwanza mlango wa kabati wazi: haikuzima mpaka jioni. Siku ya pili mlango umefungwa: ikazima mchana. Siku ya tatu wazi tena: haikuzima. Siku ya tatu mkubwa mwenyewe alikuja kusimama pale na kutazama namba za joto.

Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Haya, endelea na kazi." Lakini seremala aliitwa, akakata mbao mbele na nyuma, akaweka wavu wa chuma. Kufuli bado lipo, hewa inapita. Mshahara haukukatwa. Mwisho wa mwezi mama alikuja darasani kutuonyesha ujumbe wa pesa kwenye simu, akakaa nasi mpaka giza likaingia.

KWENU MNAOTUMIA KOMPYUTA HAPA KAMBINI

Kateni ukurasa huu mwuweke karibu na mashine. Anzeni na kisicho na gharama, na mbadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua kipi kimesaidia.

1. Tazama inazima namna gani: inaaga, skrini ya bluu, au inakatika.

2. Andika saa na muda kwa siku tatu.

3. Sukuma waya uingie vizuri. Jaribu waya mwingine na soketi nyingine. Ikiwezekana, ruka UPS. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka michache, na joto huichosha mapema.

4. Ikizima sekunde nne au tano tu baada ya kuwasha, angalia kitufe cha kuwashia. Kikinasa ndani, ni sawa na mtu anayekibonyeza kuizima.

5. Soma joto kwenye BIOS. Safisha vumbi, hakikisha feni zote zinazunguka, na acha nafasi ya hewa pande zote. Kitambaa cha kuzuia vumbi kitolewe kabla ya kuwasha.

6. Joto likiwa sawa, chomoa RAM, futa miguu yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, irudishe mpaka isikike kuingia.

7. Tazama kwenye madabodi zile kapasita zinazofanana na vipipa vidogo. Zikiwa zimevimba juu au zimevuja, hapo mwite fundi. Mashine za kati ya mwaka 1999 na 2007 zinajulikana sana kwa shida hiyo.

8. Mwisho ni pawasaplai, lile boksi la chuma ambako waya wa umeme unaingia. Jaribuni nyingine nzima ya kuazima. Lakini boksi lenyewe MSILIFUNGUE kamwe. Linaweza kukaa na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Na wakati wote huo, bonyezeni Ctrl na S kila baada ya mistari michache. Kijana wetu sasa anafanya hivyo bila kukumbushwa.

Baada ya kisa hiki tulifungua kompyuta zetu wenyewe za darasani. Hatutasema tulitoa vumbi kiasi gani. Ila tumewaomba radhi wanafunzi wawili wa darasa la jioni ambao muhula uliopita tuliwagombeza kwamba wanachezea mashine namba sita hadi inazima. Tuliwagombeza bila daftari.

Mwenye swali aliandike na kuliacha kwenye kisanduku mlangoni mwa darasa. Mwezi ujao ni barua ya kuomba kazi, safari hii kweli. Kaeni salama.

Sisi walimu wenu wa kujitolea.