Malori ya umeme: Saa ya kuchaji ndiyo itakayoamua kama taa za Karagwe zitawaka

Na Mwandishi Wetu

Bugene, wilayani Karagwe, ni njia panda ya biashara. Barabara ya lami kutoka Kyaka hukutana hapo na njia iendayo Kasulo wilayani Ngara, kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi, na ile iendayo Murongo wilayani Kyerwa, mpakani na Uganda. Malori ya kahawa, ndizi na saruji hupita humo yakitumia dizeli. Teknolojia ya malori na mabasi ya umeme inapoenea duniani, mwananchi ana haki ya kuuliza: siku malori hayo yatakapofika, je, kuyachaji hakutazima taa za nyumbani, mashine za kukoboa kahawa na pampu za maji?

Wengi hujibu kwamba umeme sasa upo wa kutosha, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere pekee lina uwezo wa megawati 2,115. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Umeme wa Rufiji hauwezi kumfikia mteja wa Bugene kwa kiwango kinachozidi uwezo wa nyaya na transfoma zilizopo njiani.

Hesabu ndogo inatosha kulieleza jambo hili. Chukua malori 10, kila moja likihitaji uniti 400 kujaza betri. Yakichajiwa yote kwa saa moja, yatahitaji megawati 4 kwa wakati mmoja. Yakichajiwa taratibu kwa saa 8 za usiku, yatahitaji nusu megawati tu. Umeme unaotumika ni uleule. Mzigo unaoielemea njia ya umeme ndio unaopungua mara nane.

Kwa Kagera, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa miaka mingi mkoa huu ulitegemea umeme kutoka Uganda, ukiwa nje ya Gridi ya Taifa. Mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka, yenye urefu wa takriban kilomita 166, umebuniwa kuondoa hali hiyo. Mradi wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, unagawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Fungu letu ni takriban megawati 27. Megawati 4 za malori 10 ni karibu sehemu moja ya saba ya fungu hilo. Zikidaiwa jioni, familia zinapopika na kuwasha taa, athari yake haitafichika.

Majirani wametangulia. Jijini Nairobi, mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yalianza kubeba abiria mwaka 2022 na huchajiwa zaidi usiku. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri, ambapo uniti ya saa za matumizi madogo huuzwa kwa nusu ya bei ya saa nyingine. Hivyo mwenye basi husubiri usiku kwa hiari, kwa sababu kusubiri kunamlipa.

Ni kweli kwamba lori la masafa marefu haliwezi kulala kila kituo. Kwa hilo, kituo cha kuchaji kinaweza kuwa na betri zake kubwa, zinazojazwa polepole na gridi au jua la mchana, kisha zikalijaza lori kwa haraka bila kuishtua njia ya umeme. Kituo hicho pia kinapaswa kujengwa karibu na kituo cha kupoza umeme na kuwa na transfoma yake, badala ya kuning'inizwa kwenye transfoma ya mtaa. Mitambo ya kuchaji nayo iwe na uwezo wa kugawana mzigo, ili malori yapokezane.

Mambo haya ni nafuu kuyapanga kabla ya ujenzi kuliko kuyarekebisha baadaye. TANESCO ina wajibu wa kupima uwezo wa njia zake, EWURA wa kuidhinisha bei, na halmashauri wa kutenga maeneo. Kwa hiyo, tangazo la kituo cha kuchaji malori litakapotolewa, mwananchi asiishie kusoma idadi ya megawati. Aangalie pia malori yatachajiwa saa ngapi, kwa transfoma ipi na kwa bei gani.