Toa Kizungu Kwa Kireno Chako

Wasee, tuambiane ukweli. Kila siku mtu anaanza Kireno, labda ni mpira wa Brazil umemshika, labda anataka kazi Maputo. Wiki mbili, ameacha. Ati sarufi ni ngumu.

Sarufi si ngumu hivyo. Shida ni kwamba mnachukua Kireno, mnakipitisha kwa Kizungu, ndio kifike kichwani. Na Kizungu ndicho kinafanya kikae kigeni.

Chukua ser na estar. Walimu wa mtandaoni wanakutisha nazo kwa sababu Kizungu kina kitenzi kimoja tu hapo. Hiyo ni shida ya Mwingereza! Wewe tangu utotoni unatofautisha "mimi ni Mkenya" na "niko Nairobi". Kwa Kireno: "sou queniano", "estou em Nairóbi". Umeskia njaa? "Estou com fome." Estou ni niko, com ni na, fome ni njaa. Niko na njaa! Vile tu tunaongea mtaani. Si kila mahali inaingiana, kwa mfano "benki iko wapi" ni "onde fica o banco", lakini umeshapata mwanzo mzuri.

Vitenzi pia. "Falo" ni nasema, "falamos" ni tunasema. Mtu yuko ndani ya kitenzi, kama kwetu, ila wao wanamweka mwisho. Halafu mnalia juu ya "menino bonito, menina bonita". Manze, huo ni upatanisho tu. Umemaliza kitabu kizuri, mti mzuri na maji mazuri, sasa ngeli mbili ndizo zitakushinda?

Hata matamshi. Ile nh yao ni ny yetu. Vinho, weka m mbele, ni mvinyo, neno tulilochukua kwao.

Mahali Kiswahili hakikusaidii ni sauti za puani na vokali zao nyingi. Pão ni mkate. Usipoipitisha puani unasema pau, yaani kijiti, na Brazil hilo neno lina maana ingine ya aibu. Avó, mdomo wazi, ni nyanya. Avô, mdomo umefungwa kidogo, ni babu. Hapo ndipo saa zako ziende: sikiliza, rudia, jirekodi, jisikize. Si kukariri majedwali.

Najua mtasema vitabu vyote ni vya Kizungu. Sawa, visome. Lakini nani alisema daftari lako pia liwe la Kizungu? Ni zile shule zilizotuvalisha diski kwa kuongea lugha za nyumbani. Tulitoka tukiamini kila kitu cha maana lazima kipitie Kizungu, na leo tunajiita wabovu wa lugha ilhali tunaongea tatu kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hivyo leo chora safu mbili: Kireno huku, Kiswahili huku. Anza na "estou com fome". Ya tatu haihitajiki.