Kwa Miguu Mpaka Vilima vya Pugu



Najua wengine wenu mtacheka mkisikia habari ya juma hili. Ninyi mlioko vijijini mnatembea kila siku: kwenda shambani, kisimani, mnadani, kanisani. Kwenu kutembea ni kazi. Lakini huku kwetu Temeke mtu akipita vituo viwili vya daladala kwa miguu, jirani humwuliza kama amepoteza nauli. Basi Jumamosi iliyopita watu kumi na wanne wa jumuiya yetu tuliondoka alfajiri, tukaenda kwa miguu mpaka vilima vya Pugu. Nauli tulikuwa nayo mfukoni. Tulikwenda hivyo kwa kupenda wenyewe. Nitawaeleza tuliyoyaona, na neno moja ambalo mpaka leo linanisumbua.

Tulisali pamoja saa kumi na moja, kisha tukaanza safari. Kila mtu alikuwa na chupa ya maji, kofia au kitenge cha kichwani, na viatu alivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya, wapenzi, ni adui wa msafiri. Chakula kilikuwa mihogo ya kuchemsha, karanga na ndizi. Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja mjane wa miaka sabini na mmoja. Mdogo wetu mwanangu wa miaka tisa. Tulikubaliana kwamba mwendo wa mama ndio utakuwa mwendo wa wote.

Tulipita Yombo, tukaingia Barabara ya Nyerere, ile ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Tukaacha uwanja wa ndege nyuma, tukapita Ukonga na Gongo la Mboto. Kulipokucha tukanywa chai ya rangi na vitumbua kwa mama lishe. Alipoambiwa tunakokwenda, akasema, "Poleni sana," kana kwamba tumefiwa.

Njiani kijana mmoja akaniuliza, "Karani, kuna watu duniani wanaotembea hivi bila sababu?" Nikamjibu kwamba wapo wengi. Huko Uingereza watu hushinda siku nzima wakipanda vilima na kuvuka mabonde, kisha jioni hurudi nyumbani. Wala haki hiyo hawakuipata bure. Mwezi wa Aprili mwaka 1932 vijana wafanyakazi kutoka mji wa Manchester na jirani zake walipanda mlima Kinder Scout, ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano kati yao wakatiwa gerezani. Lakini mwaka 1951 mahali pale pakawa ndani ya hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi ile, na mwaka 2000 ikatungwa sheria ya kuwaruhusu watu kutembea katika nyanda na milima mingi. Kijana akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe wao walifungwa jela kwa kitu ambacho sisi tunakionea haya."

Vilima vya Pugu si virefu. Hata mita 400 havifiki. Mtu wa Uluguru au wa Kilimanjaro akiviona atauliza, "Vilima viko wapi?" Lakini sisi watu wa tambarare ya pwani tulipoanza kupanda tulihema, na upepo wa huko juu tuliupokea kama zawadi.

Tulikwenda kwanza mahali pa misioni ya zamani. Hapo Pugu walifika wamisionari Wabenediktini mwaka 1888, wakaanzisha misioni yao ya kwanza katika nchi hii. Mwezi wa Januari mwaka uliofuata, wakati watu wa pwani walipokuwa wakipigana na Wajerumani katika vita vya Abushiri, misioni ilishambuliwa na kuchomwa moto. Mabruda wawili na Sista Martha Wansing wakauawa. Kwa miaka mingi sasa mahujaji huja kusali Pugu. Nasi tukasali fungu moja la Rozari kwa ajili ya wote waliokufa siku zile, wenyeji na wageni.

Hapo karibu ndipo ilipo shule ya sekondari ambayo zamani ilikuwa Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alifundisha hapo tangu mwaka 1953. Wazee husimulia jinsi alivyokuwa akienda mjini kwa miguu kwa shughuli za siasa, kisha akirudi kufundisha. TANU ilizaliwa mwaka 1954, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu. Wenzangu waliokuwa wakilalamika malengelenge waliposikia hayo wakanyamaza.

Kisha tukafika langoni pa msitu, tukajiandikisha, tukalipa kiingilio, tukapewa mtu wa kutuongoza. Nasema hivi kwa sababu msitu huu ni hifadhi ya serikali, na mtu haingii ovyo. Ndani mlikuwa na kivuli kizito na harufu ya majani mabichi. Kiongozi akatuonyesha mkongo na msandarusi. Akatuambia pia habari za sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye watu wengi wa Dar es Salaam hawajui kwamba wanaishi naye jirani. Akatuonyesha ardhi yenyewe: mchanga ulioshikamana na udongo mweupe uitwao kaolini, ambao viwandani hutumika kutengeneza vyombo vya kaure na karatasi. Alichukua bonge moja, akalisugua kwa kidole. Likavunjika kama sukari.

"Mizizi ya miti ndiyo inayoshika ardhi hii," akasema. "Ukikata miti, mvua inaondoka na kilima."

Chini ya bonde tukakuta kijito chembamba. Mwanangu akakiruka kwa hatua moja. Chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba mtoto husoma jiografia vizuri zaidi kwa miguu yake kuliko kwa ramani, basi nikamwambia: mto Msimbazi huanzia katika vilima hivi, kwa vijito kama hiki. Hushuka kupitia Vingunguti na Kigogo, huingia Jangwani, na mwisho humwaga maji baharini penye Daraja la Selander. Akaniuliza, "Huu huu ndio unaojaa mpaka daladala hazipiti?"

Kabla sijajibu, yule mama akaketi juu ya jiwe. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mwezi wa Desemba mwaka 2011, mafuriko makubwa yalipowaua watu zaidi ya arobaini mjini, nyumba yake ya bondeni ilikwenda na maji: vyombo, kitanda, picha ya harusi, na cherehani ya marehemu mumewe. "Miaka yote hii," akasema, "nilitaka kuona yalikotoka." Akachovya vidole katika kile kijito, akafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyesema neno.

Sasa neno linalonisumbua ni hili. Tulipokuwa tukishuka kurudi barabarani, tukakutana na mtu akisukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, akitoka upande wa Kisarawe. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Aliponiona akasimama. Kumbe ni mwumini wa parokia yetu, na cheti cha ubatizo cha binti yake nilikiandika kwa mkono wangu. Vijana wetu, ambao moyo wao ulikuwa bado msituni, wakaanza kumshambulia kwa maneno: "Ninyi ndio mnaomaliza miti! Ninyi ndio mnaoleta mafuriko!"

Yule mtu hakukasirika. Akanitazama mimi, akasema, "Karani, gunia nililokuletea mwezi uliopita, ulidhani limeota dukani?"

Wapenzi, nilitafuta jibu, sikulipata. Nyumba yangu hupika kwa mkaa. Gunia lile nililipunguza bei, tena nikajisifu kwa mke wangu kwamba nimelipata rahisi.

Yule mama akatoa muhogo uliobaki katika kikapu chake, akampa yule mtu, akamwambia apumzike. Kisha akasema, "Mwanangu, maji yaliyochukua nyumba yangu yalipita huku."

"Mama, si mimi niliyeyatuma," akajibu.

"Hata mimi sikuyatuma. Lakini nimepikia mkaa miaka arobaini. Basi kaa, ule. Tuko pamoja katika jambo hili."

Hayo tu. Mtu akala, akashukuru, akaendelea na safari yake. Nasi tukapanda daladala, maana mama miguu ilikuwa imekwisha kazi.

Mwaka 2015 marehemu Papa Fransisko alituandikia waraka juu ya dunia, nyumba yetu sote, akatufundisha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitengwi. Nilikuwa nimeusoma na hata kuusimulia katika jumuiya. Lakini siku ile Pugu nilivisikia vilio vyote viwili barabarani, na kimoja kilikuwa kikinidai mimi.

Nyumbani tumenunua jiko dogo la gesi. Maharage bado tunachemsha kwa mkaa, kwa kuwa gesi ni ghali, sitawadanganya. Jumapili hii jumuiya itakaa kuona kama mfuko wetu unaweza kumkopesha yule ndugu mtaji wa kazi nyingine. Yeye mwenyewe bado hajasema ndiyo, kwa sababu ana watoto wanne, na mkaa anajua kwamba unauzika.

Nanyi wa vijijini, nawaomba jambo moja. Mna vilima, mna mabonde, na hamhitaji kusafiri mbali. Chagueni siku moja ya kiangazi, fungasheni mihogo, mchukue watoto, mfuate mto wenu mpaka mahali unapoanzia. Waonyesheni chemchemi, na miti inayoikinga. Na lori la kutoka mjini likija kuulizia mkaa, mtakuwa mmekwisha kupajua mahali pa kusema hapana. Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi naongeza: na kuona kwingi ni kwa mwenye kutembea.

Mbaki na amani ya Bwana mpaka juma lijalo.

Ni mimi,
Karani wa Parokia, Temeke