Kofia ya Idi Haisubiri Bumu

Wanachuo wenzangu, Ramadhani ikishafika katikati, mabwenini wimbo ni ule ule: bumu halijaingia, Idi nitapeleka nini nyumbani? Likiingia, mbio Darajani kununua kofia ya mashine. Mimi nasema zawadi ya sikukuu haianzi na pesa, inaanza na muda.

Kwetu Bwejuu kina mama hushona kofia za viua maji yakijaa, wakati shamba la mwani halishukiki. Kitambaa cheupe, sindano na uzi tu. Kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja nzuri hula wiki kadhaa, pengine miezi. Mume akiivaa kwenda kusali Idi, kila mtu anajua kuna aliyemfikiria zamani.

Sasa sisi wasomi tunaiona kazi ya wasiosoma. Tena tukienda kununua, tunataka ya mkono kwa bei ya mashine! Hebu gawa hiyo bei kwa siku alizokaa mama wa watu na sindano, uone kama hutaona haya.

Mtasema mitihani imebana. Sawa, lakini muda wa simu usiku tunao. Anza na kidogo: kitambaa cha mkono chenye jina la bibi pembeni. Anza Rajabu, usingoje mwezi ishirini na nane Ramadhani. Na nyie kaka zangu msijifiche, mafundi wa kanzu mjini wengi ni wanaume.

Ukishindwa kabisa, nunua kwa anayeshona. Ila punguzo usiombe.